Babu Alikusikia

Zena mwanangu,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba kwa jina la Mungu: haya yasitoke kwako. Msomee Bibi peke yake, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Usiwaambie watoto wa Kiongoroni kwamba baba yako anajua kuandika. Ukisikia watu wanakuja, kunja karatasi uitie kwenye pindo la kanga, na ukikosa pa kuificha itumbukize majini. Wino huu ni wa masizi, unatoka upesi. Nimeshaujaribu.

Nimetumia herufi za Kiarabu za chuoni, si zile za Wajerumani, ili usome mwenyewe, nami nimezifanya kubwa. Naandika mchana juu ya dungu letu la shambani, kibanda cha miguu mirefu cha kufukuzia ndege, kwa sababu usiku hatuwashi taa. Mpunga umeshavunwa, hakuna ndege wa kuamia, kwa hiyo hakuna mtu mwenye haja ya kupita huku. Hata hivyo, kila upepo ukitikisa mabua naacha kalamu na kuchungulia. Mama yako amelala kwa ubavu, mkono juu ya tumbo. Siku zake zimekaribia mno, hawezi kukunjwa ndani ya mtumbwi, nami siwezi kumwacha. Ndiyo maana kesho alfajiri, maji yakijaa, utaondoka na Bibi tu, kwenda kwa kaka yake Mzee Athumani, anayekata boriti za mikoko kule Kiongoroni.

Mambo ya kuswali, kunawa miguu kabla ya kupanda kitandani, na kutokula maembe mabichi sikuandikii. Bibi ameshayasema, na atayasema tena mpaka uote mvi.

Nina jambo moja tu. Tangu siku askari walipomchukua Babu, ukiitwa huitiki. Mama yako anakuita, unakuja, unasimama mbele yake, lakini sauti haitoki. Tulidhani ni huzuni, tukakuacha. Juzi nilikuwa nyuma ya banda la kuku nafunga mzigo, nawe ulikuwa unammwagia kuku pumba. Nikakusikia ukimwambia, "Mimi nikiitika, watu wanakufa." Nilipaswa kutoka pale pale nikukumbatie. Badala yake nilisimama na kamba mkononi mpaka ukaondoka. Mimi ni mtu ambaye maneno hunijia vizuri nikiwa na karatasi tu. Kwa hiyo nakuletea hapa kile nilichoshindwa kukuambia pale, na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu bila kumjua Babu huwezi kuelewa alichofanya siku ile.

Wewe umemjua Babu mwenye magoti yanayolia. Mimi nilimjua alipokuwa hawezi kukaa nyumbani siku tatu mfululizo. Wenzake walikwenda mtoni kutafuta samaki, au asali, au miti ya kujengea. Yeye alikwenda kuona. Akisikia kuna bwawa ambalo viboko wamelihama, lazima aende akaone kwa nini. Akiona kijito kidogo kimejificha kwenye mikoko, mtumbwi ulikuwa umeshaingia kabla hujamaliza kusema "Baba, tunakwenda wapi?" Majirani walimcheka. "Mkumba, umepoteza nini huko?" Naye alijibu, "Sijui bado, sijakiona."

Lakini hakutupoteza sisi. Watu wanaopenda kutembea nimewaona wengi, na wengi wao nyumbani ni wageni. Babu alitaka twende wote. Mama yangu, yaani Bibi, mimi, kuku kwenye tenga, chungu, mkeka, kila kitu mtumbwini. Nikiwa na umri kama wako alitupeleka kuona mahali ambapo mto unakutana na bahari. Akakata njia kupitia kijito ambacho hata yeye hakukijua, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Bibi aliona kwanza.

"Mkumba, maji yanaondoka."

"Yanaondoka, naona."

"Na sisi?"

"Sisi tunabaki."

"Tunabaki kwenye matope haya, na mtoto?"

"Matope haya yana kaa wanene, mke wangu. Washa moto."

Bibi alimtukana kwa Kindengereko, na kwa Kiswahili pale Kindengereko kilipomwishia. Yeye alishuka, akazama mpaka mapajani, akawa anawachokoa kaa kwenye mashimo na kuturushia mmoja mmoja, huku anacheka. Tulipika ndani ya mtumbwi, kwenye kigae. Nilipoanza kulia nikiuliza kama tutakaa pale maisha, alikuja akanyoosha kidole kwenye mizizi ya mkoko, kwenye alama ya unyevu iliyokuwa juu ya kichwa changu. "Unaona yalipofika jana? Yatafika tena. Wewe kula." Na kweli yalirudi, polepole, mpaka mtumbwi ukatikisika chini yetu kama mtu anayeamka. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kijito hicho Babu alikiita Mkono wa Mwanahawa, kwa jina lake, "kwa sababu," alisema, "kinakasirika, halafu kinarudi."

Ndivyo alivyokuwa akifanya. Kila kijito kisichokuwa na jina alikipa jina la mmoja wetu. Wako unaujua, mwembamba, wenye ndege weupe. Wangu alinipa nilipomaliza shule na kupata kazi ya ukarani. Mlango wake ni mpana, lakini ukiingia kidogo tu unakuta matope. "Huu ni Mkono wa Salum," akasema mbele ya watu. "Mdomo mkubwa, safari fupi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nilinuna wiki nzima. Nilikuwa na kanzu nyeupe na kalamu mbili, nikajiona si mtu wa kuchekwa na watu wenye matope miguuni.

Na ulikuwapo mwito wake. Akirudi safari, akifika kwenye kona ya mto, aliegemea upondo wake, ule mti wa kusukumia mtumbwi, akatuita mmoja mmoja kwa jina. Hakushuka mpaka wote tuitike.

"Mwanahawa ee!"

"Nipo! Sijaolewa kwingine!" Bibi alijibu hivyo miaka yote, na miaka yote Babu alicheka kama anasikia kwa mara ya kwanza.

"Salum ee!"

"Naam, baba!"

"Mkwe ee!" Hapo mama yako alifunika uso kwa aibu na kuitika kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sauti kubwa kuliko zote:

"Zena ee!"

"Abee, Babu!"

Nilimuuliza zamani kwa nini anajisumbua, wakati anatuona kutoka pale kwenye kona. Akasema, "Kuwaona nawaona. Lakini nikiwa huko porini nawaita kimoyomoyo siku nzima, na hakuna anayeniitikia. Niachie nifaidi." Nilipokuwa kijana nikiwa na wageni wa kazini, niliitika kwa kikohozi tu, ili wasijue kuwa ni mimi ninayeitwa. Hilo usinifuate, mwanangu. Anayekuita kwa furaha mwitikie kwa kinywa kizima, hata wakiwapo watu wa kukucheka.

Nami kazi yangu pia ilikuwa kuita majina. Kule Kibiti, kwa akida wa Wajerumani, kila asubuhi nilisimama kando ya shamba la pamba nikayasoma, na watu wakaitika. Aliyechelewa alichapwa. Sikumchapa mtu mimi. Nilisoma tu, tena kwa matamshi mazuri, nikajiona salama kwa sababu mkononi nilikuwa na kalamu na si kiboko. Siku moja Babu alikuja kunitembelea, akasimama pembeni akasikiliza mpaka nikamaliza. Nilitegemea anisifu. Tukiwa njiani akasema tu, "Wanakuitikia kama watu wanaopigwa na baridi." Hakuongeza neno. Wakati ule nilimwona mzee asiyejua mambo ya serikali. Siku hizi nakaa humu juu nayasikia majina yale yote, na sauti za kila mtu, na kweli zilikuwa zinatetemeka.

Kisha vita vikaja. Tuliona moshi upande wa vilima vya Umatumbi, tukasikia habari ya dawa ya maji inayogeuza risasi kuwa maji. Watu wa huku walikwenda Ngarambe makundi kwa makundi kuitafuta. Babu naye alikwenda, maana hakuna safari aliyowahi kuikataa. Aliporudi nilimvuta ndani.

"Baba, umeyanywa?"

"Nilikuwa na kiu."

"Baba! Mimi ni karani wa serikali!"

"Basi usiandike." Akaniuliza kama nimebakiza wali.

Akida alikimbia, nami nikarudi nyumbani. Tangu hapo sijui nimwogope nani kwanza. Waliochukua silaha wananijua kuwa ndiye niliyekuwa nikisoma majina ya pamba. Askari wananijua kuwa ni karani aliyeacha kazi. Babu yeye alianza kuwavusha wanawake na watoto kwenye visiwa vya mikoko, wa upande wowote, bila kuuliza. Hapo ndipo askari walipoanza kutafuta mitumbwi ili watu wasivuke, na hapo ndipo Babu alipobadili kanuni ya mwito wake. Alituweka chini, Bibi, mama yako na mimi. Akasema, "Kukiwa na hatari nyumbani, msiitike. Nikiita nikasikia kimya, nitapita moja kwa moja kama mtu asiyewajua."

Wewe hukuwapo. Ulikuwa unacheza na vifuu. Sisi watu wazima watatu tuliangaliana tukasema, huyu mdogo, tusimtie hofu. Soma sentensi hii mara mbili, Zena: hukuambiwa. Tulikuficha kitu ambacho kilikuwa haki yako kukijua, tukijidanganya kuwa ni huruma.

Siku ile walikuja askari, na ombasha wao, mkubwa wa kikosi, mwenye meno yaliyooza. Unakumbuka walivyokaa jikoni kwa Bibi wakala wali wote. Ombasha aliniambia, "Karani, mzee wako ana mtumbwi. Tunamngoja. Mtu asipige kelele." Nilikaa kwenye mkeka nikiomba kimoyomoyo Babu aamue kulala hukohuko aliko. Jua lilipoanza kupungua nikamsikia kwenye kona.

"Mwanahawa ee!"

Bibi aliuma kanga.

"Mwanahawa ee! Umeolewa?"

Kimya. Kutoka pale nilipokaa niliuona mtumbwi. Akasubiri kidogo. Hakuita jina langu wala la mama yako. Nikauona upondo unapanda, na omo ya mtumbwi inageuka polepole kuelekea ng'ambo. Alikuwa ameelewa. Alikuwa anakwenda.

Nawe ulikuwa nyuma ya nyumba, unasuka ukili. Ulimsikia Babu anaita na hakuna anayemjibu, ukadhani tumemsusa. Ukapiga kelele, "Abee, Babu! Mimi nipo!"

Najua unayoyakumbuka baada ya hapo. Babu alishuka, akakuinua juu, akasema, "Sauti yako imekua!" Askari wakatoka jikoni. Ombasha akacheka, akakupa kipande cha sukari guru, akasema, "Huyu ndiye mtoto hodari, amemleta mzee." Nilikuona baadaye unakitupa mtoni. Neno lile la ombasha lingekuwa na mkia ningelikamata nikalitupa pamoja nacho. Kwa sababu ni uongo. Hukumleta wewe.

Sasa sikiliza usilolijua. Walipokuwa wanaukagua mtumbwi, ombasha aliniambia nikae na Babu nimlinde asikimbie. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, nikiwa na hasira, kwa sababu mimi nikiogopa hukasirika.

"Baba, ulisikia kimya."

"Nilisikia."

"Ulikuwa umeshageuza. Nilikuona."

"Nilikuwa nimegeuza."

"Basi kwa nini umerudi? Ulijua wapo!"

Aliangalia nyuma ya nyumba, ulikokuwa umesimama na vidole mdomoni.

"Mtoto ameniitikia, Salum. Nikipita, atajuaje kuwa nilimsikia?"

Nikasema, "Ungepita, ningemweleza mimi."

Akaniangalia, akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye matope. "Wewe? Mdomo mkubwa."

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Hakudanganyika. Hakutegwa na sauti yako. Alikuwa na mto mzima mbele yake, na vijito vyote anavyovijua yeye peke yake, na askari wasingemwona tena. Akachagua nchi kavu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemwitikia. Mtu aliyetembea kote kule na kurudi, safari baada ya safari, kwa ajili ya sauti zetu, asingeweza kuiacha ya mwisho ikining'inia hewani. Nimelifikiria jambo hili kila siku. Kwanza lilinikasirisha. Niliona ni ujinga wa mzee. Sasa naona kuwa ndiyo tabia yake ileile ya siku zote, na kwamba kama angepita asingekuwa yeye.

Walimchukua awasukumie mtumbwi kwenda upande wa juu wa mto. Bibi alimfungia wali uliobaki kwenye jani la mgomba. Babu akamwambia, "Nitaita," kama anakwenda kutega uduvi tu. Huko juu walikutana na wapiganaji kwenye kivuko, na risasi ikampata. Wasukumaji wawili waliokuwa naye walimzika ukingoni wakamswalia, wakatuletea upondo wake. Risasi ilitoka upande gani sijui, nami nimeacha kuuliza. Ila najua haikutoka kwako. Lile neno "abee" lilisafiri mpaka kwenye kona ya mto, likaingia masikioni mwa mtu aliyekupenda, likaishia hapo. Alilala usiku ule akiwa nalo.

Na mimi nilitakiwa nikueleze jioni ileile. Nilinyamaza, nikawa kama alivyosema. Hii karatasi ndiyo kuingia kwangu zaidi ya pale mlangoni pa kijito changu.

Sina mawaidha mengi. Nilidhani ukiwa mwangalifu kupita kiasi hupatwi na kitu, na umeona tumepatwa hivyohivyo. Uwe na hofu, hofu inasaidia mtu kuangalia anapokanyaga. Lakini ukifika Kiongoroni, Mzee Athumani akisema twende tukaone kitu, nenda. Rudi na matope. Kipe jina kijito kimoja, upendavyo.

Upondo wa Babu utaondoka nanyi kesho. Ni mrefu kwako, usijali, utakaa chini ya boriti mpaka uufikie.

Sasa soma hapa kwa makini, maana ni jinsi ya kunipata, kisha uyahifadhi moyoni ili karatasi ikipotea uwe nayo.

Kila bamvua, maji makubwa yanapojaa, Mzee Athumani huja huku kununua mpunga. Ukiwa na neno mpe yeye, kwa mdomo. Akifika kijijini kwetu Maparoni asiulize habari za karani, hakuna anayejua alikokwenda karani. Aulize kwa utaratibu mtoto wa Mkumba. Akiona watu wana wasiwasi, asiulize kabisa. Aje mpaka Mkono wa Salum, Bibi atamwonyesha mlango wake. Watu wote wanajua pale ni matope, kwa hiyo hakuna anayeingia. Lakini Bibi ameniambia jana jambo ambalo Babu alinificha kwa miaka yote ili asiharibu mzaha wake: maji ya bamvua yakijaa kabisa, kijito kile kinapitika, na kwa nyuma kinatokea karibu na mashamba, chini ya dungu hili. Humo ndimo tutakamokuwa.

Mama yako akishajifungua na kupata nguvu, tutakuja sisi. Nitasimama kwenye kona, mbali na nyumba, na nitaita kama alivyoita yeye. Bibi nitamwita kwanza, jibu lake analo. Kisha wewe. Kukiwa na hatari, nyamazeni wote, na safari hii umeambiwa. Kama hakuna hatari, itika, hata kwa sauti ndogo kama ya mama yako alipokuwa mkwe mpya. Nitaisikia. Sitashuka mpaka niisikie.

Halafu itakuwa zamu yako kuita. Umwite mama yako, uniite mimi, na mwisho uulize, "Na mdogo?" Hatajua kuitika. Wewe subiri tu palepale ulipo. Atalia, nawe utajua kuwa amekusikia.

Mimi baba yako,
Salum, mtoto wa Mkumba